Mtoto wa Bukavu na Santuri Tusiyoisikia

Juma hili twataka kusema nanyi habari za muziki. Asidhani mtu kwamba tumeyaacha mambo makubwa ya nyumba za Kikristo na kushika mchezo. Nyimbo ndizo mtoto anazozishika kabla hajajua kusoma, na ndizo mzee anazozikumbuka hata akiwa amesahau majina ya jirani zake. Yafaa basi wazazi wajue ni nyimbo zipi zinazoingia nyumbani mwao. Tena yafaa vijana wajue kwamba ziko nyimbo nzuri ambazo hakuna mtu aliyewaonyesha.

Twataka kuisifu santuri moja iliyotoka mwaka 1993 huko Ufaransa. Jina lake ni jina la mwimbaji mwenyewe: Lokua Kanza. Tukiwauliza vijana wa parokia zetu, wengi watatutajia waimbaji kumi wa Kinshasa bila kuvuta pumzi, lakini huyu hawatamtaja. Jambo hilo latushangaza, maana mtu huyo si mgeni kwetu. Alizaliwa Bukavu mwaka 1958, kwenye ncha ya kusini ya ziwa letu la Kivu. Mtu wa Masisi akitaka kufika huko hushuka Goma, akapanda meli, na siku haiishi kabla hajaona nyumba za mji ule juu ya maji.

Baba yake alikuwa Mmongo, mtu wa upande wa Ekuateri, na mama yake alikuwa Mnyarwanda. Mwaka 1964 jamaa yao ilihamia Kinshasa, na huko mtoto akakua. Tangu utoto aliimba kanisani, katika kwaya, kama wafanyavyo watoto wengi wanaosoma ukurasa huu. Baadaye alijifunza muziki shuleni, akapiga gitaa katika kundi la Abeti Masikini, mama yule aliyesifika katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1984 akaenda Paris.

Hapa twaomba wanafunzi watusikilize kidogo. Mtu huyu alipofika Paris alikuwa amekwisha kuwa mpigaji hodari, naye angaliweza kupanda jukwaani mara moja na kutafuta sifa. Yeye alirudi darasani. Alikaa tena kwenye benchi kujifunza muziki wa jazi, akawapigia wengine, kama Ray Lema, Mkongo mwenziwe, na Manu Dibango wa Kameruni. Miaka 9 ilipita tangu afike Paris hata kutoka kwa santuri yake ya kwanza. Alikuwa mtu wa miaka 35. Yeye anayesikitika kwamba amerudia darasa, au kwamba wenziwe wamemtangulia, na ayafikiri hayo.

Sasa, santuri yenyewe ina nini ndani yake? Kwanza ina gitaa lisilopiga kelele, linalopigwa kwa vidole taratibu, hata mtu aweza kuisikia kila kamba. Ina ngoma, lakini ngoma zimekaa nyuma kama watu wenye adabu wanaongoja mkubwa amalize kusema. Juu ya hayo kuna sauti za watu. Sauti ya Lokua huanza chini, karibu na maongezi, kisha hupanda polepole mpaka pale juu ambapo wanaume wengi hawafiki, wala haisikiki kwamba imechoka. Sauti nyingine huipokea, moja baada ya nyingine, mpaka zinakuwa kama kwaya ndogo. Mwenye kuimba sauti ya pili au ya tatu katika kwaya ya parokia ataitambua kazi hiyo mara moja, maana ndiyo kazi yake ya kila Jumapili. Humo mna pia harufu ya muziki wa Wamarekani Weusi, ule uliotoka katika kuimba kwa makanisa yao ukaenda ulimwenguni kusimulia mapendo na huzuni za watu. Lakini maneno mengi ni ya Kilingala, na mwendo wake ni wa nyumbani.

Watu wa mbali waliitambua heshima yake. Mwaka 1994, huko Libreville, mji mkuu wa Gaboni, santuri hiyo ilipewa tuzo ya santuri bora ya Afrika. Kwetu ilipita kama mgeni apitaye njiani usiku, wala hakuna aliyemfungulia mlango. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni sebene. Wasomaji wajua jinsi wimbo wa Kinshasa ulivyojengwa: kwanza maneno polepole, kisha magitaa yanashika mbio, mpiga kelele anaita, na watu wote wanasimama kucheza. Hatuulaumu muziki huo. Rumba ya Kongo ni mali yetu, na mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika katika urithi wa mataifa yote. Lakini tumezoea kuupima kila wimbo kwa miguu. Wimbo usio na sebene twauona kama chakula kisicho na chumvi, nao hauchezwi arusini wala katika mabaa, na mahali pengi muziki usiochezwa huko hauna pengine pa kwenda.

Sababu ya pili ni ile desturi iitwayo libanga, yaani jiwe. Tajiri au mwanasiasa hulipa fedha ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Kwa hiyo wimbo unaojaa majina ya wakubwa huwa na wakubwa wa kuutangaza. Katika santuri hii hakuna jina la tajiri lililonunuliwa. Tunaiheshimu kwa ajili hiyo, lakini twajua ya kuwa asiyewataja wakubwa hana mtu wa kumpigia baragumu.

Sababu ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili, na kabla ya kuitaja twataka kusimulia jambo tuliloliona.

Jioni moja hapa Nyamitaba mwalimu mmoja alikuwa na nyimbo za santuri hii katika simu yake. Vijana sita wa kwaya walikuwa wamemaliza mazoezi, na mvua ikawazuia kwenda kwao, nasi tukaketi barazani pamoja nao. Pembeni alikuwapo mama mmoja mzee akiambua maharagwe. Wimbo wa kwanza ulipofika katikati, kijana mmoja akauliza, “Mwalimu, sebene inaanza wapi?” Wote wakacheka. Mwalimu akajibu, “Haianzi. Sikiliza tu.” Katika wimbo wa tatu hakuna aliyecheka tena. Mmoja wao alikuwa ameanza kuitafuta sauti ya chini, midomo imefungwa. Mama mzee naye alikuwa ameiacha mikono yake ndani ya ungo.

Ndipo mama akauliza, “Huyu anayeimba ni mtoto wa nani?”

Ninyi mnaokaa Masisi na Walikale mwajua swali hilo linabeba nini. Mahali pengine ni swali la adabu. Hapa petu limekuwa mara nyingi ndilo swali linaloulizwa barabarani, na kwa jibu lake mtu huachwa apite au asipite. Mwalimu akasema kweli yote: baba Mmongo, mama Mnyarwanda, kuzaliwa Bukavu, kukua Kinshasa. Kukawa kimya. Kisha kijana mmoja akauliza kwa sauti ndogo, “Basi ni wa kwetu, au ni wa kwao?”

Hakuna aliyemjibu upesi. Mwishowe mama mzee akasema, “Mwalimu, urudishe ule wa mwisho. Sikuusikia vizuri kwa mvua.”

Hiyo ndiyo sababu ya tatu. Santuri ya Lokua Kanza ilitoka mwaka 1993. Mwaka ule ule, tarehe 20 Machi, sokoni Ntoto katika Walikale, watu waliuawa penye kununua na kuuza. Moto ule ukapanda Masisi, ukatembea kilima kwa kilima. Jirani alimwinukia jirani kwa sababu ya kabila na ya ardhi. Watu waliofariki walihesabiwa kwa maelfu, na waliokimbia walikuwa wengi zaidi mara nyingi. Nani angalikaa barazani kusikiliza gitaa mwaka ule? Na katika miaka iliyofuata vita vilirudi tena na tena kwa majina mengine, hata wako watu wazima hapa ambao hawakujua kamwe miaka mitano ya utulivu mfululizo.

Basi katika mwaka mmoja, watu wa kwetu walikuwa wakitenganishwa kwa swali la “mtoto wa nani”. Na mbali, mtoto wa Kivu aliyezaliwa na makabila mawili alikuwa akiimba kwa sauti ambayo hakuna awezaye kuipasua vipande, akasema: nusu hii ni ya baba, na nusu hii ni ya mama. Hatusemi kwamba aliimba kwa ajili ya Masisi. Wala hatusemi kwamba wimbo huzima vita. Vita huzimwa na haki, na toba, na watu wenye moyo wa kusamehe. Twasema neno dogo zaidi. Kijana aliyefundishwa kumwogopa mtu wa kabila lingine, akiisha kumpenda mwimbaji kabla ya kuuliza kabila lake, ameonja mara moja jinsi ilivyo kumsikiliza mtu kwanza. Jambo alilolionja aweza kulitafuta tena.

Tutasema pia yasiyotupendeza, ili sifa zetu ziwe za haki. Wazee wengi wa milima hii hawajui Kilingala, na maneno yatawapita. Mwenye kutaka kucheza hatapata nafasi. Na mwenye kusikiliza huku akifanya mambo mengine atadhani nyimbo zote ni moja. Ni santuri inayodai kimya, na kimya ni kitu adimu katika nyumba yenye watoto wanane. Tena hizi ni nyimbo za dunia, za mapendo na za maisha ya watu. Hatushauri mwongoza kwaya azipeleke altareni. Misa ina nyimbo zake. Lakini Mtaguso Mkuu wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba muziki wa mataifa katika nchi za misioni upewe heshima yake. Sikio linalozoea uzuri nyumbani litaujua uzuri kanisani, na litaona haya kuimba ovyo mbele ya Mungu.

Mwenye kuipenda santuri hiyo ya kwanza asiishie hapo. Mwaka 1995 Lokua alitoa Wapi Yo, maana yake “Uko wapi”. Na hapo hata asiyejua Kilingala atalitambua neno la kwanza. Mwaka 2002 ilifuata Toyebi Te, yaani “Hatujui”, na mwaka 2010 Nkolo, ambalo ni neno la Kilingala la “Bwana”. Mwaka 2021 alitoa nyingine, akaiita Moko, yaani “Moja”. Ilikuwa miaka 28 baada ya ile ya kwanza. Katika mwaka huo wa 2021, mwezi wa Mei, serikali ilitangaza hali ya dharura ya kijeshi katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini na katika Ituri, na kabla mwaka haujaisha bunduki zilikuwa zimeanza tena kulia upande wa Rutshuru. Tulikuwa na haja ya neno hilo, moja, na kwa mara nyingine hatukulisikia, kwa kuwa sauti nyingine zilikuwa kubwa.

Basi twawashauri hivi. Wazazi, jioni moja katika juma, baada ya sala na chakula, watakeni vijana wenye simu waitafute santuri hiyo ya 1993, kisha wote wasikilize pamoja, wimbo mmoja au miwili, bila kusema. Waongoza kwaya, waitieni waimbaji wenu wasikie jinsi sauti ya pili inavyoweza kuitegemeza ya kwanza pasipo kuifunika. Somo hilo latufaa sana, maana katika kwaya zetu kila mmoja ataka kusikika. Nanyi wanafunzi, mkiulizwa ni nani aimbaye, jibuni kwanza jinsi anavyoimba. Habari za baba yake na mama yake mtazisema baadaye, nanyi mzisema kwa heshima, maana kila mtu aliitwa mwana na mama fulani kabla ya kuitwa wa kabila fulani.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi twaongeza kwamba aliye mdogo na mpole naye ana la kusema, ila yataka mtu anyamaze kidogo ili amsikie. Mungu azilinde nyumba zenu, na awarudishe kwao salama wote waliokimbia.