Nyumba Juu ya Mgodi wa Zamani: Mzigo ni wa Nani?



Katika parokia zetu zipo familia zenye watoto waliokwenda kufanya kazi Uingereza, wengine wakiwa wauguzi, wengine watunzaji wa wazee. Baada ya miaka ya kulipa kodi ya pango, kijana hutamani nyumba yake mwenyewe. Hutafuta ile anayoimudu, na huenda akaipata katika vijiji vya Durham au mabonde ya Wales ya Kusini, ambako bei ni nafuu. Ndipo ukoo unapoitwa kuchangia malipo ya kwanza. Kabla ya kutoa mchango huo, yatupasa tujiulize kwa nini nyumba za huko ni nafuu. Sababu moja ni kwamba ajira iliondoka pamoja na migodi. Sababu nyingine yaweza kuwa chini ya sakafu.

Kwa karne kadhaa watu wa maeneo hayo walichimba makaa ya mawe. Makaa hayo yaliendesha viwanda, treni na meli, yakaitajirisha nchi nzima. Mwaka 1947 migodi ilitaifishwa. Mwaka 1994 ilirudishwa mikononi mwa watu binafsi, na Desemba 2015 mgodi mkubwa wa mwisho wa chini ya ardhi, Kellingley, ulifungwa. Wachimbaji wameondoka, mashimo yamebaki. Takribani nyumba moja kati ya nne nchini humo imesimama katika eneo la makaa ya mawe, na midomo ya migodi iliyomo katika kumbukumbu ni zaidi ya 170,000.

Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu. Nyumba nyingi za maeneo hayo ni imara, na mashimo hayana hatari sawa. Pale palipochimbwa kwa kina kirefu na tabaka zima la makaa kuondolewa, ardhi ya juu hudidimia mapema, kisha baada ya miaka michache hutulia. Hatari kubwa zaidi imo katika machimbo ya kale yaliyo karibu na uso wa ardhi. Humo wachimbaji waliacha nguzo za makaa zishikilie paa, na nguzo hizo humomonyoka polepole hata paa likaporomoka baada ya miaka mia. Mashimo ya wima nayo, mengine yalifunikwa kwa magogo tu na udongo ukatandazwa juu. Magogo yakioza, ardhi hufunguka. Tangu mwaka 1872 sheria iliwataka wenye migodi wakabidhi ramani wanapoifunga, lakini mingi ilikwisha kuachwa kabla ya hapo bila ramani yoyote.

Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 21, kina amri inayoligusa jambo hili waziwazi. Mtu akichimba shimo akaliacha bila kifuniko, na mnyama wa jirani akatumbukia, aliyechimba ndiye atakayelipa. Mwenye ng'ombe haulizwi kwa nini alimpitisha mnyama wake pale. Haya ndiyo maoni yetu: mzigo wa shimo ni wa yule aliyelichimba na yule aliyefaidika nalo. Usiachwe umwangukie mtu wa mwisho kufika, mwenye mfuko mdogo.

Kwa haki tuseme kwamba sheria za Uingereza zimeikubali kanuni hiyo kwa sehemu. Kwa sheria ya mwaka 1991, nyumba ikipasuka kwa sababu ya kudidimia kwa ardhi iliyochimbwa makaa, mwenye nyumba ana haki ya kutengenezewa au kulipwa, hata kama mgodi ulifungwa zamani. Dalili zikionyesha kwamba huenda machimbo ndiyo chanzo, ni juu ya mdaiwa kuthibitisha kwamba sivyo. Mwaka 1994 iliundwa mamlaka ya umma ya kubeba sehemu kubwa ya madeni hayo ya kale. Tangu Novemba 2024 inaitwa Mamlaka ya Urekebishaji wa Migodi. Huo ni mfano mwema.

Hata hivyo, kanuni hiyo imeishia njiani. Januari 2021, katika kijiji cha Skewen huko Wales ya Kusini, maji yaliyojaa katika mgodi wa kale yalifoka na kuingia majumbani. Watu walihamishwa, samani zikaharibika. Kwa kuwa madhara yaliletwa na maji, wala si kudidimia kwa ardhi, sheria ya fidia ya mwaka 1991 haikuwafunika. Aliyekuwa na bima aliitegemea bima yake. Asiyekuwa nayo alibaki akitazama matope. Maji yale yalitoka katika shimo lile lile la wachimbaji. Ni haki gani inayomlipa mtu kwa ufa wa ukutani na kumwacha mwenzake kwa gharika?

Huko Gorebridge, Uskoti, nyumba zilikuwa mpya, zimejengwa na halmashauri kwa ajili ya wapangaji. Mwaka 2013 na 2014 hewa ya ukaa ilipanda kutoka katika machimbo ya chini, wakazi wakaugua, na hatimaye nyumba 64 zikabomolewa. Hapo hapakuwa na ufa wa kumwonya mtu. Ilikuwa hewa isiyoonekana.

Tena tusiisahau Aberfan. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la mabaki ya mgodi liliteremka mlimani likafunika shule na nyumba. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Baadaye, pauni 150,000 zilichukuliwa kutoka katika mfuko wa michango ya wahanga ili kuyaondoa malundo yaliyosalia. Waliofiwa walilipia kuondolewa kwa kifusi kilichowaua watoto wao. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, bila riba, na mwaka 2007 serikali ya Wales iliongeza pauni milioni moja na nusu. Ilichukua miaka arobaini kukiri deni lililokuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaosema: mnunuzi alijua, na ndiyo maana alipunguziwa bei. Hoja hii haitutoshi. Unafuu wa bei hautoki mfukoni mwa mwenye mgodi. Anayeubeba ni muuzaji, pengine mjane wa mchimbaji, ambaye nyumba ni akiba yake pekee. Hivyo maskini wawili hugawana hasara, na aliyetajirika hayumo katika hesabu.

Basi, ndugu au mtoto wetu akitaka kununua huko, tumshauri hivi. Kwanza, asitie sahihi kabla wakili wake hajapata ripoti ya migodi. Ripoti hiyo hutaja machimbo yanayojulikana, midomo ya migodi iliyo ndani ya mita 20 kutoka mpaka wa kiwanja, na madai ya fidia yaliyokwisha kupelekwa. Pili, akodi mpimaji majengo anayelijua eneo. Tatu, aiulize benki na kampuni ya bima, na majibu ayapate kwa maandishi. Nne, akiona ufa baada ya kuhamia asinyamaze, kwa maana sheria humpa miaka 6 ya kutoa taarifa tangu alipoutambua.

Nasi tulio nyumbani tujihadhari. Tanzania nayo huchimba makaa ya mawe, kama huko Ngaka mkoani Ruvuma. Wakati wa kudai ramani zitunzwe, fedha za kufukia mashimo zitengwe na vijiji vishirikishwe ni sasa, mgodi ungali ukizalisha. Mgodi ukishafungwa, hakuna atakayeitika. Viongozi wa walei walio karibu na machimbo waulize swali hilo katika mikutano ya vijiji, na waliombe jibu lililoandikwa, ili wajukuu wetu wasije wakajenga juu ya deni ambalo hawakulikopa.