Ugonjwa wa sukari Miti: kwa nini kidonge hakikamati nafasi ya sindano

Dawa ikikosekana kwenye kituo cha afya, mgonjwa wa sukari wa Miti hubaki na njia tatu: kungoja, kumeza kile ambacho jirani anacho, ao kugeukia dawa ya kienyeji. Tangu uwanja wa ndege wa Kavumu uchukuliwe na M23 mwezi Februari 2025, safari za kawaida za ndege zilisimama, benki zilifunga, na dawa nyingi zinapita barabarani kwa bei ya juu. Ndiyo maana mazoea ya kubadilishana dawa yana hatari zaidi wakati huu. Watu wengi wanazungumza juu ya "dawa ya sukari" kama kitu kimoja. Lakini ndani ya mwili, dawa hizo hazifanyi kazi moja.

Swichi ndani ya seli

Mwili wa mtu umejengwa na seli, na ndani ya kila seli kuna protini zinazoitwa kinasi. Mwanadamu ana aina zaidi ya 500. Kazi yao ni moja: kuchukua kipande kidogo kinachoitwa fosfati na kukibandika kwenye protini nyingine. Kipande hicho kikibandikwa, protini ile inaamka ao inalala, sawasawa na swichi ya taa. Dawa nyingi za leo zinatibu kwa kugusa swichi hizi.

Insulini ni mfano wa kwanza. Inatengenezwa na kongosho, kisha inatembea katika damu hadi kwenye seli za misuli na mafuta. Haiingii ndani ili kufanya kazi yake; inashika kipokezi kwenye ngozi ya seli. Upande wa ndani wa kipokezi hicho ni kinasi. Insulini ikishika nje, kinasi ya ndani inawaka, inaamsha protini ya pili, nayo inaamsha ya tatu, mpaka milango ya sukari inasogezwa juu na sukari inatoka katika damu. Bila insulini, mlolongo huo hauanzi. Mtu anaweza kula bugali vizuri, sukari ikajaa katika damu, na misuli yake ikabaki na njaa.

Metformini inapita njia nyingine. Kidonge hiki, ambacho asili yake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao galega, kilianza kutolewa kwa wagonjwa Ufaransa mwaka 1957 na daktari Jean Sterne. Ndani ya ini kinapunguza kidogo nguvu ambayo seli inatengeneza. Seli ikiona nguvu imepungua, inawasha kinasi iitwayo AMPK, ambayo ni kama mtunza akiba wa nyumba: inasimamisha matumizi makubwa, na moja ya matumizi hayo ni kazi ya ini ya kutengeneza sukari mpya. Uhusiano huo na AMPK ulionyeshwa mwaka 2001. Baadaye majaribio kwa panya yalionyesha kwamba AMPK si njia pekee; metformini inagusa ini kwa njia nyingine pia.

Basi tofauti ni hii. Metformini inapunguza sukari inayotoka kwenye ini na kumsaidia mtu ambaye bado ana insulini yake. Haileti insulini. Mgonjwa wa aina ya kwanza, mara nyingi mtoto ao kijana, ambaye kongosho lake limeacha kuitengeneza, akipewa vidonge peke yake anaweza kufa ndani ya siku chache.

Njaa ya utotoni nayo inaingia

Kwa Miti swali lina uzito mwingine. Zone ya afya ya Miti-Murhesa inajua utapiamlo tangu zamani, na Lwiro ni jina linalojulikana kwa utafiti wa kwashiorkor. Watafiti waliwafuata watu waliotibiwa pale Lwiro utotoni, kati ya 1988 na 2007, kwa ajili ya utapiamlo mkali. Walipokuwa watu wazima, walionekana kuwa na alama nyingi zaidi za mwili unaoshindwa kutumia sukari na mafuta vizuri, kuliko wenzao ambao hawakupitia ugonjwa ule.

Mwezi Aprili 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua kisukari cha aina ya 5, kile kinachofungamana na utapiamlo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekitaja mwaka 1985, kisha likakiondoa kwenye orodha yake mwaka 1999. Mgonjwa wake kwa kawaida ni kijana mwembamba. Kongosho lake linatoa insulini kidogo, lakini si kama wa aina ya kwanza. Akidungwa insulini nyingi, sukari yake inaweza kushuka vibaya, hasa kama nyumbani chakula ni cha kubahatisha. Mtu kama huyo hapaswi kukisiwa kwa macho. Anahitaji kipimo na muganga wa kumfuata.

Mgonjwa afanye nini?

Asiache insulini bila shauri la muganga, hata siku akijisikia vizuri. Asichukue metformini ya jirani, zaidi kama figo zake ni dhaifu. Chupa ya insulini iliyofunguliwa huweza kukaa takriban wiki nne nje ya frigo, mbali na jua na moto. Baridi ya Kabare inasaidia. Kiu kali, kukojoa sana, kutapika na kuhema kwa nguvu ni dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Dawa ya kienyeji inaweza kuwa na kemikali inayogusa kinasi, kama galega ilivyoongoza kwenye metformini. Lakini kati ya mmea ule na kidonge kulipita miaka ya kupima kipimo na sumu. Majani ya sokoni hayajapita huko.

Nao wanaopanga dawa za zone wana hesabu yao. Kuandika "wagonjwa wa sukari" kwenye orodha hakutoshi. Lazima ijulikane ni wangapi wanaishi kwa insulini, kwa sababu hao ndio hawawezi kungoja gari lililokwama njiani.