Jicho la Winchi

Mtu akiketi jioni katika baraza za Bondeni, aghalabu huwasikia wazee wakizisifu winchi za bandari ya Kilindini, Mombasa, kwa urefu wake na kwa uzito ziwezao kuuinua, wala sijapata kumsikia hata mmoja akikitaja kile kidude, kisichozidi ukubwa wa kopo la maziwa, kilichofungwa kwenye ekseli ya pipa la kamba za chuma, ambacho kazi yake ni kumjulisha dereva kontena liko wapi baina ya sitaha ya meli na gati. Mafundi hukiita enkoda. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye karakana uchochoroni, hukiita jicho, nami naona amelenga.

Wazee wetu wa baharini walikuwa wakiijua hadhi ya kipimo. Nahodha aliyekurubia mwamba usiku hakuitegemea nguvu ya tanga, bali alitupa bildi na kuhesabu pima, na aliyeishika kamba ile husikilizwa kabla ya mtu mwingine yeyote chomboni. Enkoda ni bildi ya zama hizi: ndani yake mna kisahani, aghalabu cha kioo, kilichochorwa mistari myembamba mno, na kila mstari upitapo mbele ya taa huhesabiwa kuwa hatua moja. Ziko zinazohesabu tangu zilipowashwa tu, na umeme ukikatika husahau zilipokuwa. Na ziko ambazo kila mahali pana alama yake, hata zikizimwa na kuamshwa hujua zilipo. Alama hizo mara nyingi hupangwa kwa hesabu ya Frank Gray, Mmarekani wa maabara ya Bell, aliyeiombea hataza mwaka 1947 na kuipata mwaka 1953, ambamo kutoka hatua moja hadi ya pili hubadilika tarakimu moja tu, ili kisahani kikisimama baina ya alama mbili, kosa lisizidi hatua moja. Washairi wetu wa vina na mizani wangeipenda hesabu hiyo.

Walakini jicho lisilo na ulimi halimfai mtu. Habari yake yapasa isafiri kwa waya mrefu, katikati ya kelele za mota, na ndipo ihitajikapo transmita, ambayo mara nyingi huigeuza kuwa mkondo wa umeme: miliampi 4 kwa mahali pa chini kabisa, 20 kwa pa juu kabisa.

Si winchi peke yake. Tangu mwaka 1986 maji ya Kilindini yamekuwa yakipimwa kupwa na kujaa kwake, ambako siku za bamvua hupita mita 3, na katika vipimo vya namna ya zamani ni boya lililopanda na kushuka ndani ya bomba, likizungusha gurudumu lenye enkoda. Kwa namba za miaka mingi kama hizo ndipo wataalamu hujua bahari inapanda kwa kadiri gani. Na siku iliyokosa kupimwa kwa sababu ya plagi mbovu haipimwi kesho yake.

Basi nasema kwamba tumekosea mizani. Bandari iliyovuka makontena milioni moja kwa mwaka tangu 2014, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20, imezungukwa na vijana wanaoota kuwa madereva wa winchi, na ni nadra kumwona aotaye kuwa fundi wa vipimo. Ilhali tunacho chuo: ile Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa msaada wa Aga Khan, Sultani wa Unguja, jamaa wa Kibohora na Serikali ya wakati huo, na ambayo tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Haikujengwa ili watoto wa pwani wawe watazamaji wa mashine za wenziwao. Na anunuaye mashine adai, ndani ya mkataba, michoro ya nyaya na mafunzo kwa fundi wa hapa.

Msimu wa kusi uliopita, winchi ya kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, iligoma. Mwenyewe akaambiwa aagize jicho jipya ng'ambo na angoje majuma sita. Yule kijana akaenda, nami nikamfuata kwa udadisi. Alipoifungua plagi, pini zake zilikuwa zimevikwa kutu ya kijani, kazi ya chumvi ya hewa yetu. Akaweka mita.

"Ami, yasoma ngapi?"

"Sifuri."

"Lingekuwa chini kabisa lingesema nne. Sifuri maana yake habari haifiki. Twanze na waya."

Akakwangua pini, akakata ncha ya waya iliyooza, akaunga upya. Mita ikasoma 12, na mzigo, nilipoinua macho, ulikuwa ukining'inia katikati hasa ya mnara. Mwenye kiwanda akamlipa bei ya plagi na ujira wa nusu siku, kisha akamwuliza ana cheti gani. Hana.