TAHARIRI: MASHINI HAIJUI ILA ILICHOAMBIWA

Ndugu Wanachama,

Tangu toleo lililopita, baadhi yenu mnaofanya kazi kwenye mapampu, vinu na maghala ya dawa upande huu wa Garsen mmetuletea swali. Mmepewa simu zenye programu. Kila zamu mwatakiwa kuandika humo saa ambazo pampu imefanya kazi, maji yaliyovutwa, mafuta yaliyotumika, dawa ya wadudu iliyotolewa ghalani, na hali ya maji yanayorudi mtoni kwa mfereji. Mwauliza: Je, tukubali jambo hili, au tukatae?

Jibu letu ni kwamba tukubali, lakini kwa masharti. Twaomba kila mwanachama asome sababu zetu mpaka mwisho, kisha azijadili na wenziwe.

Kwanza tufahamu kitu chenyewe. Programu ya namna hii ni daftari lenye karani ndani yake. Huhesabu, huweka kumbukumbu, humkumbusha meneja siku ya kibali kwisha, na huonya namba ikipita kiasi kilichoruhusiwa. Waajiri hawakuinunua kwa mapenzi tu. Sheria ya Mazingira ya 1999 ndiyo iliyounda NEMA na kuweka masharti juu ya kila kazi inayoweza kuharibu ardhi, maji au hewa. Kanuni za 2003 ziliagiza kazi hizo zikaguliwe, na kanuni za maji za 2006 zikaagiza mwenye kumwaga maji machafu ayapime na kupeleka hesabu yake kila robo mwaka. Mwenye kuvuta maji mtoni naye huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hesabu ni nyingi, na anayekosea huweza kushtakiwa.

Faida yake twaiona. Sisi watu wa Tana twajua mafuriko hufanya nini kwa daftari la karatasi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibomoa kazi za umwagiliaji wa mpunga za TARDA katika delta, na maji yalirudi kwa nguvu mwaka 2018 na tena 2023. Kumbukumbu iliyohifadhiwa mbali na mto haiozi ghalani. Tena mfanyakazi aliyeandika leo kwamba bomba la mafuta linavuja, na siku na saa zikaonekana, hawezi kuambiwa mwezi ujao kwamba hakusema.

Lakini hatari nayo ipo. Mashini haina macho wala pua. Haijui kwamba maji ya mferejini yamegeuka rangi, wala kwamba kijana aliyenyunyizia dawa jana leo anatapika. Hujua lile tu iliyoambiwa. Hata penye chombo cha kupimia, yuko mtu aliyekiweka, anayekisafisha, na anayeamua kisimame wapi. Mtu huyo ni mfanyakazi. Mnyapara akimwambia, "Andika ile namba ya jana, mkaguzi anakuja," programu itaipokea namba ya uwongo kwa adabu ile ile inayopokea namba ya kweli. Nayo itaandika jina la nani? La aliyebonyeza simu. Mnyapara hatakuwamo. Kutia uwongo katika kumbukumbu za mazingira ni kosa mbele ya sheria.

Tusidhani kwamba wakubwa wa dunia hawafanyi hivyo. Mwezi wa Septemba 2015 ilifichuliwa Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen ilitia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa. Wakati wa kupimwa, moshi ulipungua. Gari likirudi barabarani, moshi ukazidi kiasi cha sheria. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Chombo ambacho kingeweza kusaidia sheria kilitumiwa kuidanganya.

Na tutazame karibu na kwetu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilitia sumu katika kijiji kizima. Aliyesimama kupiga kelele alikuwa Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo, na ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufani ikaondoa uamuzi huo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabuni miaka hiyo, ndugu. Mfanyakazi alijua mapema. Lau angalisikilizwa siku ile, mahakama zisingalikuwa na kazi.

Kwa hiyo masharti yetu ni haya matano, nasi twataka yaandikwe katika mapatano na kila mwajiri:

1. Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, ndani ya saa za kazi zenye malipo. Mtu asitie sahihi asichokielewa.

2. Kila mfanyakazi aweze kusoma yaliyoandikwa kwa jina lake, na namba ikibadilishwa baadaye, aliyeibadilisha aonekane.

3. Asilazimishwe mtu kuandika kipimo ambacho hakukipima. Pampu ikiwa imeharibika au mtandao haupo, na iandikwe hivyo.

4. Hesabu ya kila mwezi ipelekwe mbele ya halmashauri ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka halmashauri hiyo penye wafanyakazi 20 au zaidi, nasi tumo ndani yake.

5. Anayesema kweli asiadhibiwe. Sheria hiyo hiyo yamlinda mfanyakazi anayelalamika juu ya hatari ya kazini. Simu hiyo nayo isigeuzwe kuwa askari wa kuhesabu dakika za mtu kwenda chooni.

Waajiri wakisema hesabu hizi ni siri yao, tutawajibu kwa Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 chatupa haki ya mazingira safi, na cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mwingine zinapohitajika kulinda haki yetu.

Neno la mwisho ni juu ya majirani zetu. Delta hii, hektari 163,600, iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamuru mipango ya matumizi ya ardhi ya delta ifanywe pamoja na wenyeji wenyewe. Basi programu iliyo ofisini isishike mahali pa baraza. Mkulima anayepanda kando ya mto na mfugaji anayeteremsha ng'ombe kunywa maji hawana simu ile, lakini maji ni yale yale. Tena wengi wao ni baba zetu, shangazi zetu na watoto wetu. Tunapofungua mfereji saa kumi ya usiku, wanaochota chini ya mto alfajiri ni watu wa nyumbani kwetu.

Hatuipigi vita mashini. Waliotutangulia katika chama hiki walipigania daftari la mishahara lionekane, wakalipata. Sisi leo twapigania daftari la maji. Matawi yote yajadili masharti haya katika mkutano ujao, na makatibu watuletee maazimio kwa maandishi. Hadi siku hiyo, andika ulichokiona, wala usiandike usichokiona. Ukilazimishwa, mwite mjumbe wako kabla hujabonyeza.

Umoja ni nguvu.