MAJI KWANZA! ACHENI KUWAPAKA WALIOUNGUA MAJIVU NA DAWA YA MENO, HALAFU MKAISINGIZIA DINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, leo sina maneno ya kubembeleza. Nataka tuzungumze kuhusu mtoto aliyemwagikiwa chai ya maziwa, mama aliyerukiwa na mafuta akikaanga sambusa za futari, na binti ambaye buibui lake limeshika moto wa chetezo cha udi. Hawa ni watu wa majumbani mwetu. Na wengi wao hawaumizwi na moto peke yake. Wanaumizwi na moto, kisha wanaumizwa na sisi.

Mtoto akiungua, nyumba nzima inakuwa ya madaktari. Huyu anakuja na dawa ya meno. Yule anavunja yai atoe ute. Jirani analeta unga wa ngano, mwingine mafuta ya kupikia, mwingine manyoya ya sungura, na wako wanaothubutu kuleta kinyesi cha ng'ombe. Ukiuliza, "Mbona hamjammwagia maji?" wanakushangaa: "Maji? Maji si yatamtoa malengelenge!"

Subhanallah! Uongo huu umeharibu ngozi za watoto wetu wangapi? Malengelenge hayaletwi na maji, yanaletwa na joto. Chai ikishamwagika na kufutwa, joto lake halijaondoka. Limebaki ndani ya ngozi, na linaendelea kuchoma kwenda chini. Maji ndiyo yanayolitoa. Kila dakika unayopoteza ukitafuta sungura, joto linafanya kazi yake.

SASA NISIKILIZENI NYINYI MNAOLETA HOJA ZA DINI.

Hoja ya kwanza: "Sheikh, asali ni shifaa, imo ndani ya Qur'ani."
Sadakta. Suratun Nahl imeitaja, na hakuna Muislamu anayelipinga hilo. Hata watabibu wameifanyia asali utafiti katika kufunga vidonda vya moto. Lakini nionyeshe aya inayosema uipake juu ya ngozi ambayo bado ina joto, kabla ya maji! Huna. Dawa ina wakati wake na mahali pake. Dakika 20 za mwanzo ni za maji. Mambo ya asali, kama yapo, yawe baadaye, na aamue mtabibu anayekitazama kidonda.

Hoja ya pili: "Bi Fatima (radhiyallahu anha) alitumia majivu."
Hapa ndipo watu wanapobeba nusu ya hadithi. Katika Sahihi Bukhari, kwa mapokezi ya Sahl bin Sa'd, tunapata kwamba siku ya Uhud Mtume wetu (swallallahu alayhi wasallam) alijeruhiwa usoni. Sayyidna Ali akaleta maji katika ngao yake, Bi Fatima akawa anaosha. Alipoona damu inazidi, ndipo akachoma kipande cha mkeka na kuyabandika majivu yake, damu ikakatika. Haya, nijibu mambo mawili. Lile lilikuwa jeraha la moto au la vita linalotoka damu? Na walianza na nini, majivu au maji? Umeiacha sehemu ya maji, ukachukua majivu, ukayapeleka kwenye jeraha la aina nyingine kabisa. Hiyo si Sunna, ndugu yangu. Hiyo ni kukosa elimu na kuivisha kanzu.

Hoja ya tatu: "Tumpeleke akasomewe."
Kisomo hakikatazwi. Msomee Al-Fatiha, msomee Ayatul Kursiyyu, lakini soma huku maji yanatiririka! Ulimi wako unasoma, mkono wako unamwaga maji, nani amekukataza? Moto ulikuwa baridi kwa Nabii Ibrahim (alayhis salaam) kwa amri ya Allah. Ule ni muujiza wa Nabii. Wewe umeamrishwa umfunge ngamia wako, kisha utawakali.

Kumbukeni kisa alichokipokea Jabir (radhiyallahu anhu), kilichomo katika Sunan Abu Daud. Mtu alipasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha ikamlazimu kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari zilipomfika Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akabainisha kwamba dawa ya ujinga ni kuuliza. Walikuwa watu wema wenye nia njema. Nia njema haikumfufua mwenzao. Basi wewe unayemwambia jirani "paka majivu, paka dawa ya meno", unajua unabeba dhima ya nani?

SASA JIFUNZE. USIISOME TU, IHIFADHI.

1. Zima chanzo. Nguo ikishika moto, usikimbie, maana upepo unauchochea. Lala chini, ujiviringishe, au ufunikwe kwa blanketi zito.

2. Maji kwa dakika 20 kamili. Maji ya bomba ya kawaida, yanayotiririka taratibu juu ya palipoungua. Huna bomba? Chukua ndoo na kopo, umwagie polepole bila kukatiza. Si lazima yawe Zamzam, yawe safi na yasiwe ya moto. Umechelewa? Bado mwagia, maji yanasaidia hata ndani ya saa 3 za mwanzo. Barafu usiweke, nayo inaumiza ngozi. Na mtoto mchanga apoozwe palipoungua tu, sehemu nyingine za mwili zifunikwe asishikwe na baridi.

3. Maji yakiendelea kumwagika, vua pete, bangili, saa na nguo za mahali hapo kabla hapajavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute, iache kwa wataalamu.

Na hapa niwaambie wazi wazazi: kuna wanaochelewa kumvua binti yao nguo iliyolowa maji ya moto kwa kuona haya mbele za watu. Haya ni katika imani, lakini dharura huhalalisha kilichokatazwa, kwa kiasi chake. Wanaume wasiohusika watoke, mvueni mtoto! Na hospitali asipopatikana daktari wa kike, atamtibu wa kiume. Usimwache mtoto aive ndani ya nguo ukadhani unamstiri.

4. Tazama uso wa jeraha. Ngozi ikiwa nyekundu, kavu, inauma bila malengelenge, huo ni moto wa juu juu. Ikiwa na malengelenge, imevimba, ina majimaji, nyekundu au ya waridi, na inauma sana, huo ni moto wa wastani. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane vizuri, basi angalia malengelenge, majimaji na maumivu. Ikiwa nyeupe, au imekauka kama ngozi ya ngoma, au imekuwa mkaa, huo umezama. Na jihadharini: huo uliozama huenda usiume kabisa, kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua. Mtu akisema "hasikii maumivu, alhamdulillah amepoa", huenda ndiye aliyeungua vibaya zaidi.

5. Malengelenge usiyapasue. Ile ngozi ni kifuniko alichokiweka Allah. Ukiitoboa kwa sindano ya kushonea unawafungulia vijidudu mlango.

6. Baada ya maji, funika. Nailoni safi ya kufunikia chakula, uilaze juu bila kuzungusha na kukaza, au kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Mkono unaweza kuingia kwenye mfuko safi wa nailoni. Pamba usiweke, inagandia. Mpe dawa ya maumivu kama panadol kwa kipimo cha umri wake.

7. Hospitali bila mjadala: jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, likiwa usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio au sehemu za siri, likizunguka mkono au mguu mzima, likiwa la umeme au kemikali, lililozama, au mtu amevuta moshi. Mtoto mdogo, mzee na mjamzito wapelekwe hata likionekana dogo. Ulizia na chanjo ya pepopunda.

Na ibada je? Kumwagia ngozi maji hakufunguzi saumu. Mgonjwa akihitaji kula dawa, Allah amempa ruhusa, atalipa. Akitawadha asilazimishe maji pale yanapodhuru. Ataosha palipo pazima na kutayamamu, na maelezo ya bandeji amuulize sheikh wake.

Mtume (s.a.w.) alipopewa habari ya nyumba iliyowaunguza watu wake usiku Madina, aliwaambia kuwa moto ni adui yao, wauzime wanapolala. Adui! Basi mbona tunaweka jiko la mkaa chini, sufuria ya uji wa futari inachemka, na mtoto anatambaa pembeni? Inua jiko, geuzia mpini wa kikaango ndani, usinywe chai ya moto ukiwa umempakata mtoto.

Ngozi ya mwanao ni amana. Kovu la mkono uliojikunja atalibeba skuli, atalibeba harusini, atalibeba mpaka kaburini, na wewe utaulizwa ulifanya nini katika zile dakika 20. Usijibu kwamba ulikuwa unatafuta dawa ya meno.

Mfikishie ujumbe huu mama, dada, na msichana wa kazi anayebaki na watoto wako. Huyo wa mwisho hasa, maana yeye ndiye atakayekuwa pale.

Ewe Allah, waponye waliounguzwa na moto wa dunia, na utukinge sote na moto wa Akhera. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.