Shali ya Mtoto: Kila Tundu Lina Deni Lake

Baridi ya Juni na Julai haimhurumii mtoto mchanga. Watu wa Molo, Njoro na Mau Narok wanaijua vyema, na hata mjini Nakuru, ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, asubuhi huuma. Wiki hii tutafuma shali nyepesi yenye matundu na matuta.

Wengi huogopa mtindo wa matundu wakidhani ni kazi ya mafundi peke yao. La hasha! Akina mama na wanafunzi, mkijua kitanzi cha kawaida, uzi ukiwa nyuma ya sindano, na cha kinyume, uzi ukiwa mbele, mnaweza.

Chukua uzi wa unene wa kati na sindano namba 8, yaani milimita 4. Anzisha vitanzi 150, upate upana wa karibu sentimita 70. Fuma mistari 6 ya kawaida iwe pindo. Kisha, katika kila mstari, vitanzi 5 vya mwanzo na 5 vya mwisho viwe vya kawaida daima, ili kingo zisijikunje. Vile 140 vya katikati vifume hivi:

Mstari wa 1: kawaida.
Mstari wa 2: kinyume.
Mstari wa 3: unganisha vitanzi 2 uvifume kama kimoja, kisha zungusha uzi mara moja juu ya sindano. Rudia hadi mwisho.
Mstari wa 4: kinyume, uzi uliozungushwa ufume kama kitanzi.
Mstari wa 5: kawaida.
Mstari wa 6: kawaida. Huu ndio unaoleta tuta upande wa mbele.

Rudia mistari hii 6 hadi shali iwe mraba, malizia kwa pindo la mistari 6, kisha funga vitanzi bila kukaza.

Siri ni moja: kuzungusha uzi huongeza kitanzi, kuunganisha viwili hupunguza kimoja. Kila tundu lina deni, na deni hulipwa papo hapo. Kwa hivyo hesabu kila umalizapo mstari wa 4. Ukipata 149, kuna mahali hukuzungusha uzi. Ukipata 151, hukuunganisha. Rudi nyuma mapema, kwani kufumua mistari miwili ni afadhali kuliko ishirini. Tena usifume kwa kulegeza: penseli ikipenya tunduni kwa urahisi, kidole cha mtoto pia kitanaswa.

Na uzi je? Mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere aliagiza kondoo wa sufu kutoka New Zealand akawafuga Njoro. Hata hivyo, uzi mwingi wa madukani leo ni akriliki. Choma kipande kifupi juu ya sahani: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu, akriliki huyeyuka na kuacha donge gumu. Akriliki hufulika kwa urahisi, lakini nyumba inayopashwa joto kwa jiko la makaa haina budi kuihadhari, maana ikiyeyuka hung'ang'ania ngozi. Aliyejifunika shali hiyo, mkubwa au mdogo, akae mbali na jiko.

Jaribu kwanza kwa vitanzi 20 vya uzi uliobaki. Mkono ukizoea, anzisha shali yenyewe.