Kabla ya kumwita mchawi
Mtoto wa Katuba au Kamalondo, hapa Lubumbashi, akiuma wenzake, akiitwa asigeuke, mara nyingi pasta ndiye huulizwa kwanza, na jibu lake huwa jepesi: uchawi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, lakini haimwambii mama mwanawe ana nini. Tuanze na masikio: asiyesikia huonekana mkaidi. Kisha tuulize habari za kifafa, kile cha kuduwaa sekunde chache tu, na malaria iliyompanda kichwani zamani. Kituo cha Joseph Guislain cha magonjwa ya akili kipo hapa hapa mjini. Mzazi, nenda huko ukiwa umeandika vituko vya mtoto, siku na saa. Na daktari akitaja ugonjwa kabla hajamtazama mtoto, mwulize amejuaje.